Macho ya Baba Watoto

Fundi cherehani mmoja alipenda mno kupiga picha siku zake za mapumziko, ila kamera yake na mumewe hawakupatana hata siku moja. Kila alipobonyeza, mzee alifumba macho. Kwenye harusi ya binti yao amelala, kando ya ziwa amelala, hata kwenye ngazi za jumba la makumbusho amelala wima. Wajukuu walishambatiza Babu Usingizi.

Safari hii ukoo mzima ulikwenda kutazama maporomoko ya maji. Mama akawapanga juu ya jiwe pana.

"Leo nimepata dawa," akasema. "Wote fumbeni macho. Nikifika tatu, fumbueni, nami napiga hapo hapo."

"Na mimi?" mumewe akauliza.

"Hasa wewe, baba watoto."

Akaanza kuhesabu. Alipofika mbili, upepo ukawarushia manyunyu ya baridi usoni. Wote wakazidi kukaza macho. Mzee peke yake aliruka, na kidole cha mkewe kikabonyeza.

Walipoitazama picha ile, binti yao alicheka mpaka akaketi chini, kashika mbavu. Ukoo mzima umelala fofofo, na katikati yao mzee amekodoa macho kama mlinzi aliyesikia kishindo.

"Hii isafishwe, itundikwe sebuleni," mzee akaamuru, kifua mbele. "Ukubwa wa mlango!"

"Mama, tupige nyingine," binti akaomba, "na sisi tuonekane."

Mama alikuwa ameshafunika lenzi.

"Mwanangu," akasema, "kumbe baba yako ana macho mazuri hivi!"