Ndiyo kwa Maswali Yote

Ghorofa ya tatu ya hospitali iliondolewa Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, wagonjwa wakiwa ndani. Ngazi za ghorofa ya pili sasa zilifika moja kwa moja hadi ya nne. Muuguzi wa zamu alipanda na kushuka mara mbili, kisha akaenda chumba cha seva na sinia lake.

"Fundi, wodi yangu haipo. Na dawa za saa nne hizi hapa."

Fundi wa kompyuta alikuwa anasasisha programu za seva, kompyuta kuu ya hospitali, huku hospitali ikiendelea na kazi. Kwa kawaida mashine huonyesha kwanza orodha ya vitu itakavyobadilisha na itakavyoondoa, halafu huuliza: niendelee? Mkuu wake, ambaye wafanyakazi walimwita Chapchap, alichoshwa na maswali hayo. Aliagiza mashine ipewe jibu la ndiyo mapema, kwa maswali yote. Nakala mpya ya akiba nayo aliikataa, kwa sababu ikichukuliwa seva hujikokota na madaktari hupiga simu kulalamika.

Fundi alirudi kwenye maandishi ya mashine, akasoma. Mstari wa arobaini na moja ulisema: Ghorofa ya tatu, wodi ya wanaolazwa muda mrefu. Haihitajiki tena. Chini yake mashine ilikuwa imeuliza kama iendelee, na ikajijibu ndiyo.

Simu yake iliita. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyelazwa ghorofa hiyo ya tatu Jumatano kwa mguu uliovunjika.

"We mdogo wangu, tangu juzi unasema utapanda kuniona. Unangoja nife uje na suti?"

"Nakuja, dada. Uko wapi?"

"Swali gani hilo? Kitandani. Ila dirishani hakuna nje. Jirani kafungua mlango, kakuta ukuta." Akashusha sauti. "Hewa imekuwa nzito. Wazee wanahema vibaya."

Fundi aliiweka simu mezani bila kuikata. Alipotafuta toleo la zamani la programu alirudishe, alikuta nalo limeondolewa. Chapchap aliingia akitafuna kijiti cha meno, akaelezwa yote.

"Rudisha nakala ya akiba."

"Iliyopo ni ya Jumanne, mkuu. Waliolazwa baada ya hapo hawamo."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Na walio ghorofani wote?"

"Ishirini na saba."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Mmoja ni dada yangu."

"Pole sana. Weka, hewa inaisha."

Simu ilikuwa bado wazi mezani.

"Nimesikia," alisema dada. "Huyo mkuu wako ana sauti ya redio mbovu. Lakini fanya. Huyu wa kitanda cha pembeni midomo imeshakuwa ya bluu."

"Dada..."

"Mama ataambiwa na nani?"

"Mimi."

"Basi usimwambie kwa simu. Nenda nyumbani, ukae kwanza."

Mashine iliuliza: niendelee? Safari hii fundi alisoma orodha yote, jina kwa jina. Kisha akaandika ndiyo kwa kidole kimoja. Simu ikakatika.

Saa tano kasoro kumi ngazi zilikuwa na ghorofa ya tatu. Muuguzi alipandisha dawa, akaomba radhi kwa kuchelewa. Bibi mmoja aliyefariki Alhamisi alikuwepo pia, akaomba maji, akapewa. Chapchap alisaini fomu kwamba kazi imekamilika, akamkumbusha fundi kuwa Jumatatu ni zamu ya seva ya maabara, na jibu ni lile lile, ndiyo kwa yote.

Walirudi ishirini na watatu, na yule bibi. Hawakurudi dereva wa lori, kitanda cha pili. Mwalimu wa hesabu, kitanda cha tisa. Mjamzito aliyeamriwa asiinuke, kitanda cha kumi na nne. Na dada wa fundi, kitanda cha ishirini. Kwenye fomu waliandikwa wanne. Ukihesabu na aliyekuwa tumboni, ni watano.