Shuka la Papa Nooroa

Mke wa mchungaji alimtaka kila mmoja wetu alete shuka la tivaevae, lile la majani na maua ya vitambaa yanayoshonwa kwa mkono, analolipenda kuliko yote, tuyatundike ukumbini siku ya sherehe ya kanisa. Sisi kina mama wa kikundi cha ushonaji cha kijiji cha Titikaveka tulijua Mama Akaiti ataleta lipi. Angeleta lile la maua mekundu ambalo wageni huomba kulipiga picha. Yeye ndiye aliyetufundisha sote, na mshono ukipinda hata kidogo, alikurudishia kitambaa bila neno, ukafumue.

Akaja na shuka la kijani. Majani mengine yaliangalia juu, mengine chini, na ua la katikati lilifanana na kaa aliyekanyagwa.

"Mama, umekosea sanduku," nikamwambia.

"Sijakosea. Shika huko tutundike."

Shuka lile tulilijua. Miaka tisa nyuma, binti yake alipokuwa karibu kuolewa, Mama Akaiti alianguka na pikipiki akavunjika mkono, shuka la harusi likiwa nusu. Tuliahidi kummalizia. Siku ya kwanza tulikwenda wanne. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu sikumbuki tulitoa udhuru gani. Mumewe, Papa Nooroa, dereva wa katapila ambaye hakuwahi kushona hata kifungo, akachukua sindano. Alishona wiki tatu, kila akitoka kazini, akamaliza Ijumaa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Binti alipohamia Auckland, alisema begi limejaa, akaliacha.

Papa Nooroa alipoingia ukumbini, alisimama kama aliyeitwa mahakamani.

"Akaiti, umenianika mbele ya kanisa zima."

"Ndiyo."

"Watu watacheka."

"Wameshacheka. Kaa."

Mke wa mchungaji akasogea na daftari lake, anatabasamu. "Mama, niandike unalipenda kwa sababu ya mapenzi ya mzee?"

"Mapenzi gani? Andika alisema atamaliza, akamaliza." Akatuangalia mmoja mmoja, bila haraka. "Lina makosa arobaini na moja. Nimeyahesabu."

"Sasa mbona hukuniambia nifumue?" Papa Nooroa akauliza.

Mama Akaiti akanyoosha pindo la shuka. "Mkono ulipona. Ningetaka, ningefumua mwenyewe."

Nilikwenda kusimama karibu na shuka langu, lenye mshono ulionyooka kabisa. Mgeni mmoja akalisifia, nikamwelekeza kwenye lile la kijani.

Jumatatu nilitoa kabatini shuka nililomwahidi dada yangu mwaka wa kimbunga, likiwa bado nusu, nikalipeleka kikundini. Niliwakuta wenzangu watatu nao wamekuja na viporo vyao. Tukaanza kushona. Baadaye Papa Nooroa akatokea mlangoni na kopo la biskuti.

"Nasikia kuna kazi," akasema.

Tukasogea kumpisha, na Mama Akaiti akampa sindano iliyokwisha kutungwa uzi.