Nilitaka Aniamuru

Nilikwenda kwa Fadhila niamriwe, basi. Mume wangu Mukhtari alizama baharini karibu na Darakasi. Gharibu, mwenzake wa mashua, aliogelea akaokoka, akaapa mbele ya kadhi kwamba alimwona akienda chini. Kadhi akasema naweza kukaa eda. Lakini mamake Mukhtari, Bi Umi, ambaye naishi kwake hapa Kismayo, akakataa katakata. Hakuna mtu aliyeona maiti, alisema, na mke akivaa nyeupe za eda maiti haijaonekana, ndiye aliyemuua mume. Kila Alhamisi akanitia hina, Mukhtari asije akanikuta nimechakaa. Hina, na mie nimefiwa!

Fadhila ni mshauri kwenye kliniki ya akina mama, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, nasi twamwita daktari. Nilidhani atafanya kama wengine wote: asikie kidogo, akate shauri. Wapi! Alizima simu, akaketi mkekani nami, akasikiliza. Nikinyamaza, naye kimya. Nikimtukana Bi Umi, hanikemei. Kila nikitoka pale nilikuwa nimeghadhibika. Kazi gani hii ya kutazamana?

Mwisho nikamwambia waziwazi: "Niambie nikae eda, nikifika nyumbani niseme daktari kaniamuru. Wewe yakugharimu nini?"

Hakukasirika. "Nikikuamuru nitakuwa Bi Umi wa pili," alisema polepole. "Naona wamuogopa, na si kosa. Lakini wewe mwenyewe, Hanan, wajua nini kuhusu Mukhtari?"

Nikafungua kinywa nimjibu vibaya, likatoka jengine.

"Amekufa."

Sikuwahi kulitamka. Nililia mpaka ushungi ukalowa, wala hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia nisubiri. Alinishika mkono tu.

Nikarudi nyumbani, nikavaa nyeupe, nikamwambia Bi Umi kwa kinywa changu, bila kumsingizia daktari wala kadhi. Hakupiga kelele. Alinitazama sana, kisha akasema, "Mwanangu alikuwa hai mpaka leo." Akaurudisha mlango wa chumba changu akaenda zake.

Majirani wote wamemfuata yeye. Hakuna aliyekuja kunipa mkono. Nakaa eda peke yangu, na nikimsikia bado akimwombea mwanawe arudi salama, namchukia, kisha namhurumia. Fadhila hakunidanganya, nampa haki yake. Ila kila nikisujudu namuomba Mungu niwe nimekosea mimi, na yule mama awe ndiye mkweli.