Usingizi Ulioshuka Njiani

Fundi alikuwa amelala chali chini ya pikapu, akiangalia dizeli ikitiririka kutoka kwenye tangi la zamani kuingia kwenye beseni. Mumewe, ambaye ndiye dereva wa pikapu hiyo, alikuwa amechuchumaa kando ya tairi akimshikia tochi. Tangi jipya lilikuwa juu ya magunia mlangoni mwa gereji, jeusi, refu, lenye uwezo wa kubeba karibu mara mbili ya lile la zamani. Lilikuwa limeletwa na Tajiri, mwenye mashine za kutotolea vifaranga, pamoja na maneno machache kwa simu: lifungwe leo, kesho gari liko njiani.

Gereji ilikuwa katikati kabisa ya safari, baina ya mashine za Tajiri na mji mkubwa alikouzia vifaranga wake. Miaka yote pikapu ilikuwa ikikauka mafuta ikifika hapo. Dereva alijaza tangi kituo cha jirani, akaenda kwake nyuma ya gereji, akala, akajitupa kitandani mpaka jua lipoe, kisha akaendelea na safari. Hata mkewe alimpata kwa njia hiyo, siku mafuta yalipomwishia kabla ya kufika kituoni na fundi akaenda kumvuta kwa kamba. Watu wengine huunganishwa na washenga. Wao, fundi alizoea kusema, waliunganishwa na udogo wa tangi.

Lakini kifaranga wa siku moja hapendi gari lililosimama. Maboksi yakikaa juani, wale wa katikati hufa kwanza, na wa pembeni huendelea kupiga kelele kana kwamba hakuna kilichotokea. Tajiri aliwatazama waliokufa, akakitazama kile kituo cha njiani, akakata shauri.

"Kwa hiyo husimami tena," fundi alisema kutoka chini.

"Nitapiga honi."

"Mama yako atafurahi. Ataipakua kwenye sahani."

Dereva alihamisha tochi mkono mwingine. "Nilisema na Tajiri. Akaniuliza kama najua ni madereva wangapi wanaotafuta kazi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamuuliza tangi liko wapi."

Fundi angeweza kukataa. Lakini akikataa yeye, kazi ingefanywa na mwingine, na alishaona tangi lililofungwa na mwingine: mikanda ililegea, tangi likashuka kidogo kidogo mpaka likagusana na shafti, na kilichobaki cha gari lile watu walikizoa kwa koleo. Kwa hiyo alilifunga yeye. Alikata mikanda mipya, akaweka vipande vya mpira ili chuma kisisuguane na chuma, akarefusha bomba la kujazia, akahamisha geji ya mafuta. Hakusahau bomba dogo la kupitisha hewa, maana tangi lisipopumua hujikunja kama kopo lililokanyagwa. Kila nati aliikaza kwa mikono miwili. Alijua vizuri anachokikaza, na alikaza.

Kesho yake, jua likiwa utosini, honi ililia. Fundi alitoka na mkono wenye grisi akauinua. Dereva naye aliinua wake. Pikapu ikapita na kelele zake za vifaranga, vumbi likapanda, vumbi likatua.

Hakuwa amerudi kwenye kazi yake aliposikia mama mkwe akimwita. Mama mkwe aliishi nao; alikuwa na magoti mabovu na masikio mazima.

"Mwanangu, njoo. Mwenzio amefika."

"Hajafika, mama. Amepita. Nimemwona kwa macho yangu."

"Basi ni usingizi wake uliofika."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani. Usingizi ulikuwa kitandani, upande wa ukutani, alikolala mumewe siku zote. Godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mzima, na mto ulikuwa na shimo la kichwa. Chumba kilinuka dizeli na manyoya ya vifaranga. Mkoromo ulipanda polepole, ukafika juu, ukakatika, ukamalizikia kwa mluzi mdogo. Fundi aliujua mluzi ule hata angeusikia sokoni.

"Umekula?" alimuuliza mama mkwe.

"Nimeukaribisha, haukuitikia. Umepitiliza moja kwa moja."

"Ndivyo alivyo akichoka," fundi alisema. Mama mkwe akaufunika shuka, akavuta pazia.

Jioni dereva alipiga simu kutoka mji mkubwa. "Usingizi wangu uko huko?"

"Uko. Umelala upande wako."

"Nilihisi kitu kinashuka pale kituo cha mafuta. Nikadhani ni boksi."

"Sasa wewe utalalaje?"

"Nitajilaza tu."

Alijilaza, akayatumbulia macho mabati ya chumba cha wageni mpaka kukapambazuka. Siku ya pili alirudi, akapita, akapiga honi. Usingizi uliisikia, ukajigeuza, ukaendelea. Ulizoea kulala mpaka jua lipoe, na sasa hapakuwa na mtu wa kuuambia kwamba limepoa.

Mtaa uliuzoea upesi. Kinyozi aliyepakana na gereji alipunguza sauti ya redio yake. Muuza mkaa aliwaambia wateja wapige hodi kwa adabu. "Kuna mgonjwa?" waliuliza. "Hapana, ni usingizi wa dereva." "Ahaa," walijibu, wakashusha sauti, wakauliza bei ya debe.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekosa subira. Hakuweza kuvumilia kitu kilale nyumbani kwake siku nenda siku rudi bila kutia chochote kinywani. Akaushika bega, akautikisa. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Walichosahau kutaja ni muda. Bibi yule alianguka palepale miguuni pa kitanda na hakufumbua macho mpaka kesho yake mchana.

"Nimeota barabara," alisema alipoamka. "Ndoto nzima barabara na mstari mweupe katikati. Masikini mwanangu, kumbe hata akilala anaendesha."

Tajiri naye alikuwa mtu wa kuona mambo haraka. Hakuchukua muda kutambua kwamba ana dereva asiyelala, na chumba cha wageni mjini kikawa ni gharama isiyo na maana. Dereva akawa anashusha maboksi, anajaza tangi, anageuza siku hiyohiyo. Safari zikaongezeka. Fundi alimwona akipita, kila mara uso ukiwa mdogo zaidi dirishani na macho yakiwa mekundu kama taa za breki. Siku moja hakuinua mkono.

"Niliinua," alisema kwenye simu. "Ila naona nilisahau kuutoa nje."

Siku nyingine alimweleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba alijikuta upande wa kulia wa barabara akitazamana na lori. Kilichomshtua ni vifaranga; walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata fundi alimwita kinyozi na muuza mkaa. Wakalishika godoro kwa ncha zake nne, wakiangalia sana wasiguse kilicho juu yake, wakalitoa nje na kulibeba mpaka ukingoni mwa lami. Mama mkwe alifuata nyuma na mto wa akiba. Wakangoja. Pikapu ilipotokea, dereva alipunguza mwendo, akapunguza tena, akatoa mkono wake wote nje ya dirisha. Lakini garini mlikuwa na kile kifaa kinachomwonyesha mwenye mali gari lilipo, na kabla magurudumu hayajasimama simu ya Tajiri ilikuwa ikilia. Vifaranga walipiga kelele. Mkono ulipita juu ya godoro, karibu kabisa kuligusa, ukaenda zake na gari. Usingizi ukavuta shuka mpaka masikioni.

Wakaurudisha ndani.

"Mzito," kinyozi alisema, akijifuta jasho.

"Anafanya kazi sana," fundi alijibu.

Akapanda basi kwenda kwa Tajiri. Ofisi ilikuwa na joto la mashine, na nyuma ya ukuta mayai yalikuwa yakipasuka kwa sauti ndogo ndogo. Tajiri alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti yeye mwenyewe.

"Karibu shemeji. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja kwa ajili ya usingizi wa mume wangu."

"Nimesikia uko kwako. Unakusumbua?"

"Haunisumbui mimi. Yeye ndiye anayeuhitaji."

"Amelalamika?"

"Hana nguvu za kulalamika."

Tajiri alifikiri. "Gari limewahi kumzimikia njiani?"

"Hapana."

"Tangi linavuja?"

"Mimi ndiye niliyelifunga," fundi alisema. "Halivuji."

"Na vifaranga wanafika wazima. Basi shemeji, hapa hakuna tatizo, hapa pana shukrani. Nilitaka hata kukupigia simu. Nina pikapu nyingine nne, nataka zote uzifunge vilevile."

"Na hao madereva? Usingizi wao utashukia wapi?"

"Kwao," Tajiri alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Kila mtu ana kwao."

Akamsindikiza hadi getini, akaagiza apewe boksi la vifaranga awe nalo kama zawadi. Fundi alilipakata njia nzima. Alipofika nyumbani na kelele zile zikaingia chumbani, mkoromo ulikatika ghafla na godoro likakakamaa kama la mtu anayetafuta usukani. Akalitoa boksi nje haraka, akampa muuza mkaa.

Kilichomshusha dereva mwishowe ni breki. Mafuta yanaweza kuongezwa nafasi. Breki zikiisha, zimeisha, na hata Tajiri alilijua hilo. Aliruhusu alasiri moja. Dereva aliingiza pikapu gereji, akateremka akishikilia mlango, akamsalimia mkewe kwa kumwekea paji la uso begani. Kisha akamwamkia mama yake, akavua viatu mlangoni mwa chumba, asije akauamsha.

Alisimama akautazama kwa muda mrefu. Yeye alikuwa amekonda mpaka mkanda wa suruali ulimzunguka mara mbili. Usingizi ulikuwa umenawiri, umelijaza godoro.

"Umenenepa," alisema.

"Nauangalia vizuri," mama yake alijibu. "Panda, baba. Ni wako, hautakudhuru."

Alijilaza ukingoni, palipobaki. Usingizi ulimgeuzia mgongo na kuchukua shuka. Alilala hivyo, macho yamemtoka, akiusikiliza ukikoroma kwa koo lake mwenyewe. Halafu akainuka, akakaa kitako, akauwekea mkono begani. Mama mkwe alijishikilia mlangoni akisubiri mwanawe aanguke. Hakuanguka. Usingizi ulisafisha koo, ukauliza kwa sauti ya dereva, sauti nzito ya mtu aliyefunikwa:

"Tumefika?"

Dereva alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado kali.

"Bado," alisema. "Lala tu."

Mkoromo ukarudi, ukapanda, ukamalizikia kwa mluzi. Hakuuondoa mkono wake. Kule nje fundi alikuwa amefungua gurudumu la kwanza. Kazi ya breki aliijua kama kuchana nywele, na hakuwahi kuichelewesha maishani mwake. Siku hiyo alifungua nati moja moja, akazipanga, akazifuta, akazifuta tena. Simu ya Tajiri ililia akaiacha ilie. Ilipolia mara ya tatu, alifunga gurudumu la mwisho, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba. Dereva alivaa viatu vyake nje, akapanda gari, akapiga honi taratibu, akaondoka.

Wiki iliyofuata ilikuja pikapu ya pili, na tangi lake jipya nyuma. Fundi alilikagua, akaingia chini, akaanza kufungua la zamani. Dereva wake alikuwa kijana mpole mwenye shingo ndefu. Alizunguka zunguka, akasoma bango la kinyozi mara mbili, mwishowe akachuchumaa kando ya tairi.

"Fundi, samahani. Wanasema usingizi unashuka wenyewe, unakwenda kwake."

"Ndiyo."

"Mimi sina kwangu. Wazazi walishatangulia. Ninapolala ni chumba cha kushirikiana, kitanda tunapokezana na mlinzi wa usiku. Sasa nilikuwa nawaza, wangu utakwenda wapi?"

Dizeli ilikuwa ikitiririka kwenye beseni.

"Ushukie hapa," fundi alisema. "Tutautandikia sakafuni, upande wa dirishani. Uambie tu uvue viatu, mama hapendi mchanga."

"Ahsante sana, fundi."

"Unakoroma?"

Kijana alifikiri kwa makini, maana alitaka kumjibu ukweli.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kulala na mtu wa kuniambia."

"Basi tutakwambia," fundi alisema, akanyoosha mkono apewe spana.