Mke Mkubwa Mwenye Kipini cha Nyota

Usiku wa jana niliota nimekuta gari la marehemu mume wangu limekaa sebuleni, kwenye kochi la watu watatu, linakunywa chai.

Sikushtuka. Kilichoniudhi ni kwamba lilikuwa linatumia kikombe cha wageni, kile chenye maua, ambacho nilikuwa nimekificha nyuma ya debe la unga kwa ajili ya harusi.

Harusi yenyewe ni ya Aikande, binti yangu wa pekee, na ndoa ilikuwa ifungwe leo asubuhi kanisani kwetu Machame. Gari ni Benzi la zamani, rangi ya maziwa, ambalo baba yake alilipenda mpaka watu wakawa wananipa pole. Tangu Aikande akiwa mtoto wa shule ya Jumapili, baba yake alikuwa akimwahidi: "Siku yako nitakupeleka kanisani mimi mwenyewe, na huyu." Ndivyo alivyoliita: huyu. Huyu hajanywa mafuta. Huyu leo anakohoa. Mimi nilimcheka na nikaliita kopo.

Alifariki miaka minne iliyopita, na tangu tumzike kopo halijawaka. Fundi Temba amelifungua, amelifunga, amelitia betri mpya. Ukizungusha ufunguo linasema krr-krr-krr, basi. Fundi akasema limechoka. Shemeji yangu Eliapenda, mdogo wa marehemu, akakodi gari jeupe jipya la bibi harusi, na akaongea na watu wa chuma chakavu waje Jumatatu kulichukua lile la zamani. Aikande hakubishana naye. Aliingia chumbani, akafunga mlango, nikamsikia analia. Nilisimama mlangoni na nikashindwa kuingia.

Nililala na hilo moyoni, na ndipo gari likaja kunywa chai.

"Hilo gari limeingiaje humu?" nauliza.

"Ameingiaje," linanisahihisha, na kuweka kikombe juu ya boneti yake. "Mimi nina jina la mtu. Naitwa Mersedesi."

"Ni jina la kiwanda."

"Ni jina la mtoto wa kike. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari yetu huko Ulaya. Akayaita kwa jina la binti yake, na jina likanoga, kiwanda kikalichukua. Sasa nikuulize. Aikande alipozaliwa mkampa jina la bibi yake, mlisema limezaliwa?"

"Tulisema amezaliwa."

"Basi."

"Basi nini? Gari ni gari," nasema. Mimi si mtu wa kukubali kushindwa sebuleni kwangu. "Gari hili, magari haya. Tulifundishwa shuleni."

Kochi likaguna. "Mama Aikande limeanza," likasema.

"Lina mdomo tangu zamani," kabati la vyombo likaitikia.

"Leo halijapigwa pasi," ikasema pasi.

Nilitaka kuwajibu nikakuta siwezi kusogea. Miguu ilikuwa imeganda sakafuni, na kifuani nilikuwa nimebandikwa kibao cha namba. Nilipofungua kinywa ilitoka krr-krr-krr.

"Katika nyumba hii," likasema gari kwa upole, "anayemwita mtu hili, naye anaitwa hili. Lisukumeni taratibu. Breki zake hazijulikani."

Kochi na kabati wakanisukuma mpaka nje. Nilitegemea kukuta migomba yangu na turubai la harusi. Badala yake kulikuwa na barabara ya vumbi, nyumba za mapaa ya mteremko, na kibao kilichoandikwa UJERUMANI, KARIBUNI SANA. Upepo ulinipiga usoni, nikawaka kama injini. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusi pamoja na kilemba, kile alichonifungia dada wa saluni jana, nikakivua kizima kizima na kukipachika juu ya sufuria chumbani kisiharibike, na pini yake ndefu ikiwa imechomekwa ubavuni.

"Panda," likasema gari. "Ndoa inaanza, na mama mkubwa wa bibi harusi hawezi kuchelewa."

"Mama mkubwa gani? Dada zangu wote ni wadogo."

"Mimi. Ni mke mkubwa wa baba yake."

Nikacheka, maana ni lazima nicheke. "Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa na wake wawili."

"Jumamosi alikuwa anamwogesha nani kwa maji ya uvuguvugu?"

Nikajifanya narekebisha kilemba.

"Nani alifunikwa shuka mvua zikianza? Mimi alinileta kwake kabla hajajua nyumba yenu iko wapi. Siku alipoleta mbege ya posa kwenu, nani alimleta yeye na pombe yake? Nilisimama uani kwa baba yako. Nikakuona unachungulia dirishani. Hebu sema, ulimwona nani kwanza, yeye au mimi?"

Nilitaka kusema yeye. Kinywa kikakataa. "Niliona nyota," nikasema. "Ilikuwa inang'aa juani. Nikawaita wadogo zangu, nikasema, njooni muone, Wabenzi wamekuja kwetu. Halafu mlango ukafungwa, dup, kwa ile sauti ya mlango mzito, na yeye akawa amesimama pembeni anafuta viatu."

"Umeona," likasema gari, na nyota yake ikameta juu ya pua kama kipini. Lilikuwa na madaha, siwezi kukataa.

Nikapanda. Mlango ukasema dup.

Tukaenda vizuri kidogo, mpaka nyota ilipoanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Ina ncha tatu, na kila ncha ina lake.

"Nchi kavu," ikasema ncha ya kwanza.

"Majini," ikasema ya pili.

"Hewani, na msinichoshe," ikasema ya tatu.

"Wamekuwa hivyo tangu mwanzo," likaeleza gari. "Wazee wa kiwanda walitaka injini zao ziende barabarani, majini na angani, ndiyo wakaweka ncha tatu. Hawakufikiria nani atakaa nazo."

Barabara ikageuka ziwa. Samaki akatupungia mkono, ambao hakuwa nao. Ziwa likaisha, tukapanda juu ya mawingu, na kwa mbali nikakiona kilele cha Kibo kikiwa na theluji yake, na chini yake kanisa letu, dogo, na watu wadogo wamevaa sare ya kijani. Nikamwona Aikande mlangoni mwa kanisa, peke yake, kashika maua. Alikuwa anaangalia barabarani. Moyo uliniuma mpaka kioo cha mbele kikapata ukungu.

"Ongeza mwendo," nikasema.

"Siwezi. Sijanywa kitu miaka minne."

Tukashuka mbele ya duka la dawa. Mwuza dawa alikuwa mzee wa koti jeupe, amezungukwa na chupa.

"Naomba petroli," nikamwambia.

"Ipo. Nani mgonjwa?"

"Gari hili."

"Magari hatuyatibu hapa," akasema, akaanza kufunga dirisha. "Hili ni duka la dawa za watu."

Nikatazama nyuma. Gari lilikuwa limeegemea ukuta, taa zake zimefifia, na kwa mara ya kwanza halikuwa na la kusema. Nikaona vile linavyozeeka, kutu chini ya milango, tairi zimelala. Nikamkumbuka mume wangu amepiga magoti pale pale penye kutu na kitambaa chake.

"Huyu," nikasema. "Mgonjwa ni huyu."

"Ungesema mapema." Akanipa chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa petroli. "Anywe yote. Asilale baada ya kunywa."

Kibao kikadondoka kifuani kwangu. Na kuanzia hapo sikuthubutu tena kusema li.

"Kwa nini duka la dawa?" nikamwuliza tulipoondoka. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Ni mambo ya ukoo wetu," akasema. "Gari wetu wa kwanza kabisa alikuwa na magurudumu matatu na watu walimwogopa. Aliyembuni alikaa naye nyumbani, anarekebisha hiki, anarekebisha kile. Mke wake akachoka. Asubuhi moja akawapakia wanawe wawili, akamwasha, akaenda kumsalimia mama yake mji wa mbali. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ni ya mwanamke anayekwenda kwao. Vituo vya mafuta havikuwepo, akanunua mafuta duka la dawa."

"Mumewe alimpa ruhusa?"

"Hakumwomba."

Nikampenda yule mama palepale. "Na walipofika milimani?"

"Gari alishindwa kupanda, wanawe wakamsukuma. Breki zilipokwisha alikwenda kwa fundi viatu, akazipigilia ngozi. Alifika kwa mama yake, na akarudi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena."

Alipomaliza kusema hivyo, akasimama. Tulikuwa kwenye kile kilima chetu cha mwisho, karibu na duka la Mama Ndeonasia, kanisa likiwa juu yetu. Kengele ikaanza kulia.

"Krr-krr-krr," akasema.

"Si umekunywa dawa?"

"Imekwama kooni. Kuna uchafu kwenye mpira wa mafuta. Miaka minne mtu akinyamaza, koo linaziba."

"Nimwite Fundi Temba?"

"Yule mama hakuita fundi. Mpira wake ulipoziba alichomoa pini ya kofia yake, akauzibua."

Tukatazamana, mimi na taa zake. Halafu wote wawili tukatazama kilemba changu.

Naomba nieleweke. Kile kilemba kina mikunjo kama waridi, na dada wa saluni alikifunga huku amezuia pumzi. Ukichomoa pini, kwisha.

"Hakuna njia nyingine?" nauliza.

"Ipo. Ni lile gari jeupe. Litampeleka vizuri tu, lina kiyoyozi. Na mimi nitaondoka Jumatatu."

Kule juu Aikande bado anaangalia barabarani. Hatafuti gari jeupe, najua anayemtafuta. Nami namtafuta huyo huyo. Miaka minne sijafungua mlango wa gari hili, huyu, kwa sababu ndani bado kuna harufu ya sabuni yake na kofia yake iko pale nyuma, na nilikuwa nasema kopo ili nisilie.

"Ningeweza kuzibuka mwenyewe," akasema kwa upole. "Ila nilikuwa nasubiri mtu wa nyumbani aniambie nina kazi."

Nikachomoa pini. Kilemba kikaniporomokea usoni, mikunjo yote, nikawa sioni mbele. Nikapapasa boneti, nikainua, nikapiga magoti, gauni likalowa mafuta. Kengele inalia. Nikaupata mpira, nikaingiza pini.

"Dada," nikamwambia, na lile neno halikuniuma nilivyodhani. "Dada, twende tukampeleke mtoto wetu."

Kooni mwake kitu kikasema plop.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye pazia. Nje wanawake wa jikoni walikuwa wanacheka, na moshi wa kuni ulikuwa unaingia dirishani. Nikageuka kuangalia kilemba changu. Kilikuwa kimelala juu ya sufuria kama khanga iliyovuliwa, hakina mkunjo hata mmoja. Pini ilikuwa chini, karibu na kandambili zangu.

Nikaiokota. Kwenye ncha ilikuwa na uchafu mweusi kidogo. Nikainusa.

Petroli.

Nilikaa kitandani na ile pini mkononi, na kutoka uani nikasikia krr-krr-krr, kama asubuhi zote za wiki hii. Aikande alikuwa hajakata tamaa. Krr-krr. Kisha kimya. Kisha krr, na baada yake ngurumo nzuri nzito ambayo nilikuwa sijaisikia tangu baba yake amzime kwa mara ya mwisho.

Nikatoka mbio bila kandambili. Aikande yuko kwenye usukani, ana khanga na vibanio kichwani, machozi yanashuka na meno yote yako nje. Wanawake wa jikoni wameacha masufuria. Shemeji Eliapenda amesimama na kikombe cha chai, na ni kile kikombe cha maua.

"Mama!" Aikande anapiga kelele. "Limewaka! Gari limewaka!"

"Amewaka," nikasema.

"Nini?"

"Amewaka. Mzime kwanza apumzike, halafu shuka umwamkie. Huyo ni mama yako mkubwa."

Aikande alinitazama kwa hofu kidogo, kama mtu anayejiuliza kama ndoa iahirishwe. Halafu akalisikia lile neno, huyo, na uso wake ukabadilika. Alizima, akashuka, akaja mbele, akaweka mkono juu ya boneti karibu na nyota.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema. Alitaka kutania, sauti ikakatika katikati.

Mimi nikamnyang'anya shemeji kikombe cha wageni, nikarudi ndani kutafuta kitambaa kingine cha kujifunga kichwani.