Baba Hasindikizi Mgeni

Katika ukoo wetu hakuna anayesema shida yake akiwa ameketi. Shangazi yangu huja asubuhi, akanywa chai, akasifu mapazia, akalilaumu jua, akauliza habari za watu ambao hata yeye hawapendi, kisha akasema, "Haya, ngoja niwaache." Asiyemjua angedhani anaondoka. Sisi tunajua kwamba sasa ndiyo amefika. Atajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, ataenda hadi mlangoni, atashika kitasa, na hapo ndipo ulimi utafunguka: "Hivi, lakini, lile godoro lenu la zamani mnalifanyia nini?"

Si yeye peke yake, mtaa mzima uko hivyo. Ugonjwa, mimba, kuazima ngazi, yote husemwa mguu mmoja ukiwa nje. Mtu akiwa ameketi ni mgeni, na mgeni lazima awe na adabu. Akisimama kuaga, zamu ya adabu imeisha, na ukimnyima alichoomba, yeye tayari alikuwa anaondoka.

Baba yangu aliligundua hili kabla ya wengine. Alikuwa mtunza stoo ya vifaa vya ujenzi mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo watu walikuja kumjulia hali huku macho yao yakiwa kwenye makopo ya rangi. Akajitafutia dawa: hasindikizi mgeni. Ukisema unaondoka, yeye hainuki kitini. Anakwambia, "Haya, salimia nyumbani. Vuta mlango." Utafanya nini, upige kelele kutoka kizingitini? Watu wakamwita mkavu, naye akafurahi. Hakuna aliyewahi kuiazima ngazi yake.

Nilimcheka na kumtetea, mpaka dawa yake iliponigeukia mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Nina kibanda ambamo nayavua makochi ya watu vitambaa vilivyochoka, naweka sponji mpya, navuta kitambaa kingine na kukipigilia. Jirani yangu ni kinyozi. Viti vyake vilianza kuchanika kwa kasi ya kutia shaka, nikamuuliza kama anavichana mwenyewe kwa wembe. Akakiri bila kubishana. Mwanamume anayeharibu mali yake ili apate kukuona si wa kuachwa hivi hivi, kwa hiyo tukakubaliana tuoane. Wazee wake alishawazika, ikabidi aende mwenyewe kwa baba kuposa. Bila neno la baba nisingeondoka. Tangu mama afariki tumebaki wawili, na nilitaka nitoke nyumbani kwa mlango wa mbele.

Akaja, kavaa shati jipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, kijana."

Wakaongelea mvua. Wakaongelea mpira. Wakaongelea upara, na unavyoanza, na kama una dawa. Mwishowe kinyozi akainuka. "Haya mzee, ngoja nikuache."

"Haya. Vuta mlango."

Alifika mlangoni, akageuka, akafungua mdomo, na baba akaongeza sauti ya redio. Nilimfuata kinyozi nje moto ukinitoka puani.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Hajasimama."

"Si ungesema ukiwa umekaa."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende kuposa bila suruali. "Nimekaa? Na kikombe mkononi? Jambo zito kama hili?"

Alirudi, na akarudi tena. Safari moja alijifanya anasoma kalenda iliyoning'inia karibu na mlango, ili angalau nusu ya mwili iwe imeshaaga. Baba akamwambia, "Naona umesimama. Safari njema." Na mimi nikaingia vitani. Nilikibeba kiti cha baba hadi kibandani, nikisema springi zake zimekufa, nikiamini mtu asiye na kiti atasimama tu. Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya ndoo, redio mapajani, anaonekana kustarehe kuliko zamani.

Hapo niliwachukia wote wawili. Mmoja kaziba mdomo, mwingine kaziba masikio, na mimi katikati nazeeka.

Nywele ndizo zilizoniokoa. Za baba zilikuwa zimeanza kuyafunika masikio, nikamkokota hadi kwa kinyozi wangu, nikakaa kwenye benchi nyuma yao. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mtu aliyefungwa shuka shingoni na mashine ikiwa kisogoni hana pa kukimbilia. Kinyozi alinyoa, akatoka jasho, akaongelea mvua. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akaniinamia akanong'ona, "Mteja ameketi."

Akamaliza, akampangusa baba shingo. Baba akainuka, akajitazama kwenye kioo bila kusifu chochote. "Haya, ngoja niwaache."

Kinyozi alimsindikiza, maana yeye ana adabu. Baba akashika pazia la mlangoni, akatoa mguu mmoja nje, kisha akasimama. Mgongo ule niliujua. Ulikuwa mgongo wa shangazi.

"Hivi, lakini," alisema, akiwatazama wapita njia. "Ukishamchukua huyu, jioni mimi nitakuwa naongea na nani?"

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwa kinyozi. Akaizima.

"Mzee, kumbe ulijua?"

"Nimetunza stoo, kijana. Mtu akija na shati jipya kuongelea mvua, kuna kitu anataka kuondoka nacho. Na wewe ni mtu mzuri. Ukiniomba, nitakubali. Ndiyo maana nilikuwa sitaki uniombe."

Nililia pale pale kwenye benchi, na nikakasirika kwamba nalia. Muda wote ule nilimwona mkaidi. Sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa.

Kinyozi alijikaza. "Mzee, naomba nimuoe binti yako."

"Mimi nimeuliza kwanza."

"Utaongea na sisi. Chumba changu kiko hapa nyuma. Utakuja, au sisi tutakuja."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Baba alilishika pazia kwa muda mrefu, akilikunja na kulikunjua. Nilijua atatafuta tundu kwenye jibu hilo, na akalipata.

"Mtanichoka," alisema.

"Tulishakuchoka zamani, baba," nikamwambia. "Unaona tumekwenda wapi?"