Mbwa Aliyeondolewa Kwenye Kalenda

Watu wengine huuishi mwaka kwanza, kisha wakaukumbuka. Kaka yangu na mkewe huupiga picha Jumamosi moja, kisha wakauamini.

Kila Novemba humwita mpiga picha nyumbani, naye huja na begi la mavazi na vikorokoro. Jua likizama, familia imeshamaliza miezi kumi na miwili. Machi kaka anapanda mlima, yaani amesimama juu ya rundo la kokoto nyuma ya ghala la rangi analolisimamia. Juni mtoto wao wa kiume anapokea cheti cha hisabati kutoka kwenye mkono usio na mwenyewe. Mkono huo ni wangu. Agosti wifi anafinyanga chungu ambacho kilinunuliwa kikiwa kimeshachomwa na kupakwa rangi. Kalenda huchapishwa, hugawiwa ndugu na majirani, na hasa bosi wa kaka. Maneno ya chini ya picha naandika mimi, kwa kuwa nimesomea uandishi na ninakaa chumba chao cha uani.

Safari hii Oktoba ilitengwa kwa ajili ya mnyama wa nyumbani. Mnyama mwenyewe ni Kiraka, mbwa wa binti yao wa miaka tisa, tunayemwita Tone. Kiraka ana sikio moja lililosimama na jingine lililokata tamaa, na manyoya yake yana mabaka kama ukuta uliovujiwa. Tone alimlea tangu akinyonyeshwa maziwa kwa kitambaa. Wifi alimtazama kwenye kamera, akakunja pua.

"Huyu hapana. Atatuchafulia Oktoba yote."

Akaazimwa mbwa mweupe wa jirani yetu, daktari wa meno. Tone akaficha mikono mgongoni.

"Shangazi, mimi huyu simjui."

"Nani kakuuliza kama unamjua?" mama yake akadakia. "Mshike, cheka."

"Nikicheka, Kiraka atabaki?"

"Atabaki, atabaki. Cheka basi!"

Tone akacheka. Alicheka Oktoba na mbwa wa watu, akacheka Desemba na fidla ya mpiga picha begani, kitu ambacho hakuwahi hata kukigusa. "Nyota Yetu ya Muziki," ndivyo nilivyoagizwa niandike. Jumatatu aliporudi kutoka shule, Kiraka alikuwa ameshapelekwa ghalani, amefungwa mnyororo getini kwa mlinzi.

"Wifi, si ulimwahidi mtoto?"

"Na wewe nawe! Mtoto ana kumbukumbu gani? Wiki mbili tu, utaona."

Aliyesahau ni yeye. Kalenda ilitundikwa sebuleni, na kila alipopita aliitazama, na kila alipoitazama aliiamini zaidi. Nilimsikia kwenye simu akimwambia dada yake kwamba muziki uko kwenye damu ya ukoo wao. Ukoo huohuo ambao hata kupiga mluzi hawajui. Tone hakubishana na mtu. Akitoka shule alikuwa anaosha bakuli la Kiraka, analianika juani. Kesho yake analiosha tena.

Siku ya kugawa kalenda mpiga picha aliitwa tena na begi lake, na bosi alikuja mwenyewe, mzee mnene wa vicheko. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi mara tatu kwa heshima yake, akapekua mpaka Desemba.

"Kumbe humu ndani mna mwanamuziki! Hebu tumsikie."

Mtu mwenye akili timamu angesema mtoto ana mafua, ingawa fidla haipulizwi. Kaka alifungua mdomo, nadhani ili aseme hivyo. Wifi akamwahi.

"Njoo, mwanangu, umpigie babu! Mpiga picha, fidla si unayo hapo kwenye begi?"

Uso wake uling'aa. Nilimchunguza: hakuwa anaigiza. Mwongo wa kawaida angalau hukumbuka anachokificha. Wifi hata hiyo kazi ilimshinda.

Tone akaipokea fidla na uta wake, akaiweka begani vilevile alivyoelekezwa siku ya picha. Kisha akaishusha.

"Babu, siwezi kupiga mbwa wangu hayupo."

"Mbwa gani tena?"

"Kiraka. Wamemfunga ghalani kwako."

Bosi akamgeukia kaka. "Ghalani kwangu?"

"Ni… mambo ya ulinzi, mzee. Tumeimarisha ulinzi."

"Kwa mbwa wa mtoto?"

"Wanamuziki nao na masharti yao!" Wifi akacheka, huku akimkata kaka jicho. "Baba watoto, si aletwe tu?"

Bosi alishatoa simu. "Mlinzi? Huyo mbwa mpakie kwenye gari la mizigo, mlete kwa meneja sasa hivi. Na asirudi huko, mimi sikumwajiri."

Tulitafuna biskuti tukasubiri. Kiraka aliingia akiburuta mnyororo, akapita juu ya zulia na viatu vya bosi, akachomeka pua kwapani kwa Tone. Tone akamkumbatia kwa muda mrefu, akamfungua mnyororo, akaukabidhi kwa baba yake.

Nilidhani sasa atalia, au atakimbilia uani. Sikuwa namjua. Alijifuta mikono kwenye gauni, akainua fidla, akavuta ule uta kwa nguvu zake zote.

Ilitoka sauti ya geti la chuma likikatwa kwa msumeno butu. Kiraka akainua kichwa akabweka kwa uchungu. Tone akaendelea, ulimi nje, kwa bidii ambayo hesabu hazijawahi kuiona. Kaka aliangalia dari kama anayekagua rangi. Tabasamu la wifi lilibaki palepale, ila nyuma yake kumbukumbu ilikuwa inarudi, polepole, na haikuja na habari njema.

Uta ulipotulia, mpiga picha peke yake alipiga makofi, kwa mazoea ya kazi. Bosi aliweka kikombe chini.

"Mbwa ana sauti," alisema.

"Nipige na nyingine?" Tone akauliza.

"Hapana!" wakasema baba na mama kwa pamoja, na mwaka mzima sikuwahi kuwasikia wakisema neno la kweli kama hilo.